Risasi za kujaza mwenyewe au za kiwandani? Tumezipima kwenye karatasi

Karibuni tena wadau wa shabaha. Leo mezani kuna visanduku vitatu, vyote vya .308 Winchester (aina ya risasi za bunduki ndefu), vyote kichwa, ile sehemu inayoruka, cha greini 155, yaani kama gramu 10 hivi. Cha kwanza ni cha dukani, daraja la mashindano. Viwili vilivyobaki nimejaza mwenyewe. Tuviite A na B: maganda ya aina moja, fataki (kiwashio cha baruti) zilezile, kichwa kilekile, ila baruti ni mbili tofauti. Ninachotaka kujua ni hiki: ile kazi yote ya kukaa na mizani na mashine ya kujazia inaonekana kwenye karatasi, au tunajifurahisha tu?

Kabla hamjauliza: vipimo vya baruti sitaji hapa, na usivichukue kwa mtu yeyote wa mtandaoni. Chemba za bunduki, pale risasi inapokaa, hazifanani, na kipimo kilicho salama kwangu kinaweza kukuharibia bunduki na uso. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, anza chini, panda kidogokidogo. Ukiona fataki imebapa kuliko kawaida, komeo la bunduki limekuwa zito kufunguka, au kitako cha ganda kimepata alama inayong'aa, simama hapo hapo. Zilizobaki usizipige, zivunje, yaani zitenganishe kichwa, baruti na ganda. Na sheria za kumiliki silaha na kujaza risasi zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo hilo limalize kwanza ndipo urudi kwangu.

Haya, twende kazi.

Nianze na ugomvi wangu wa siku zote: kundi la risasi tatu, yaani matundu matatu yaliyopigwa kwa kulenga sehemu moja. Mmeziona zile picha, matundu matatu yamekumbatiana, sarafu imewekwa pembeni, na maneno "risasi zangu hizi". Zinapendeza. Hazisemi kitu. Risasi zozote, hata ziwe nzuri vipi, hutawanyika kuzunguka kituo chake. Ukipima kundi kwa kuchukua umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kipimo hicho kinapanuka kadiri unavyoongeza risasi, kwa sababu kila risasi mpya ni nafasi nyingine ya moja kwenda mbali. Kihesabu iko hivi: ukiuita mtawanyiko wa msingi wa risasi zako sigma 1, risasi 3 kwa wastani zitakupa kundi la sigma 2.4, risasi 5 sigma 3.1, risasi 10 sigma 3.8. Risasi ni zilezile, bunduki ni ileile! Mtu ambaye makundi yake ya kumi ni milimita 38 anakuja na makundi ya tatu ya milimita 24 na hajadanganya hata neno moja.

Na huo ni wastani tu. Kundi moja moja la risasi tatu linarukaruka vibaya, leo dogo la kushangaza, linalofuata mara mbili yake, na hujabadilisha chochote. Anayepiga mengi, akachagua lililo zuri na kulipiga picha, amepima bahati yake.

Ndiyo maana hapa nimepiga makundi ya kumi kumi, na kila kisanduku kimepata zaidi ya kundi moja. Na sikuishia kwenye upana. Nimechukua pia umbali wa kila tundu kutoka kituo cha kundi, nikatafuta wastani wake. Kipimo hiki nakipenda zaidi, kwa sababu upana unatumia matundu mawili tu na kuyatupa manane, wakati huu unayasikiliza yote kumi.

Hapo hapo niseme na wale wa "ngazi", wanaopanda kipimo cha baruti hatua kwa hatua wakipiga risasi moja kila hatua, halafu wanatafuta mahali ambapo kasi "imetulia". Wengi wenu hamtapenda hili, lakini kwa risasi moja kila hatua, utulivu huo mara nyingi ni bahati nasibu. Rudia zoezi lilelile kesho, utulivu utauona kwenye hatua nyingine. Ngazi inafaa kwa kitu kimoja, tena kikubwa: kukuonyesha mapema dalili za shinikizo kubwa.

Kuhusu namna nilivyopiga. Kwenye mashindano ya Target Rifle, yaani ya kupiga shabaha kwa bunduki ndefu, tunalala chini na mkanda mkononi, lakini hapa sipimi kiwiko changu, napima risasi. Kwa hiyo meza, mfuko wa mchanga mbele, mfuko mwingine chini ya kitako cha bunduki. Mtutu uliosafishwa hurusha risasi za kwanza kando, basi nilianza kwa kuuchafua kwanza na risasi ambazo sikuzihesabu. Halafu nikazungusha: kundi la kiwandani, kundi la A, kundi la B, tena kutoka mwanzo. Ukimaliza kisanduku kimoja chote ndipo uingie kingine, cha mwisho ndicho kitakachobeba mtutu wenye moto, upepo wa mchana na uchovu wako. Mtutu ukipata joto mazigazi yanapanda mbele ya darubini na shabaha inaanza kuogelea, kwa hiyo kati ya kundi na kundi komeo lilikuwa wazi na mtutu unapoa. Na risasi haikai ndani ya chemba ya moto ukisubiri upepo utulie. Baruti inapashwa humo, kasi inapanda, halafu unalaumu upepo.

Kasi nimeipima kwa rada ndogo inayowekwa mezani kando ya bunduki. Kuna vipima kasi vinavyofungwa mtutuni, vizuri tu kwa kasi, ila vinaning'iniza uzito kwenye mdomo wa mtutu na risasi zinahamia pengine. Ukiwa na cha aina hiyo, kasi ipime peke yake na kundi peke yake.

Sasa sogeeni muone karatasi hii karibu. Tazama tundu hili. Kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia milimita, tundu lenyewe ni dogo kuliko kipenyo cha kichwa, ambacho ni milimita 7.8, kwa sababu karatasi inapasuka na kurudi. Lakini pembeni yake kuna duara la kijivu, ule uchafu ambao kichwa kimejifuta kikipita. Hilo duara ndilo kipimo cha kweli. Mimi naweka kalipa kwenye ukingo wa nje wa kijivu upande huu, ukingo wa nje wa kijivu upande ule, natoa milimita 7.8, napata kati kwa kati. Anayepima kwenye ukingo wa mpasuko anajizawadia milimita ambazo hana. Nyuma ya karatasi weka kadibodi ngumu, la sivyo inachanika na hilo duara hulioni.

Majibu. Mita 100, makundi ya kumi. Kisanduku cha dukani kilikaa karibu na milimita 35. A ilikuwa kama 24, B kama 26. Wastani wa umbali kutoka kituoni ukafuata mpangilio huohuo. Kwa idadi ya risasi nilizopiga, tofauti ya A na B siwezi kuiapia. Ukiniambia ni sare, sawa. Lakini za dukani zimeachwa, hapo hakuna ubishi.

Na najua mmeona tundu hili la pembeni kwenye karatasi ya B. Wapo watakaosema "hiyo itoe, ni kosa la mpigaji". Sitoi. Kosa la mpigaji ni lile unalolitangaza wakati triga inaachia, kabla jicho halijafika kwenye karatasi. Hii niliiachia vizuri, ikaenda kule. Ni ya kisanduku B, inahesabiwa kwa B.

Je, milimita 35 ni mbaya? Inategemea unapigia nini. Chukua shabaha ya kimataifa ya mita 300: mduara wa 10, ule wa alama ya juu kabisa, una kipenyo cha milimita 100, na tundu likigusa mstari linapewa alama ya juu, kwa hiyo kituo cha risasi kina kama milimita 108 za kuchezea. Kundi la 35 kwenye mita 100, likipanuka sawasawa na umbali, linakuwa 105 kwenye mita 300. Maana yake risasi peke yake, bila wewe kutikisika, bila upepo, imeshajaza mduara wote. Hukuachiwa kitu. A inafika 72, na zile milimita thelathini na kitu zinazobaki ni zako: pumzi yako, mapigo ya moyo, upepo uliousoma vibaya kidogo. Kwangu hiyo peke yake inatosha kununua mashine ya kujazia.

Mpaka hapo A na B ni ndugu. Kilichowatenganisha ni rada. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, kwa A ni kama mita 3 kwa sekunde, wa B kama 5, sawa na wa dukani. Kwenye mita 100 tofauti hiyo huioni. Kwa risasi inayotoka karibu mita 900 kwa sekunde, tofauti ya mita 10 kwa sekunde inashusha tundu milimita moja na nusu tu, inapotea ndani ya kundi. Peleka risasi hizo kwenye yadi 1000, mita 914, na mita 10 kwa sekunde zilezile zinakuwa zaidi ya sentimita 20 za juu na chini. Katika risasi kumi za B kutegemea tofauti ya mita 15 kwa sekunde kati ya ya kasi na ya polepole ni jambo la kawaida, hiyo ni karibu sentimita 30 ambazo hakuna darubini wala kusoma upepo kutakakozirekebisha.

Kwa nini B? Vingine vyote ni sawa, kwa hiyo nashuku baruti yenyewe. Ile ya A inajaza ganda karibu hadi kichwa kilipo. Ya B inaacha nafasi, ukitikisa unasikia punje zinahama, na kila risasi ukiilaza punje zinalala zinavyotaka. Mizani sina wasiwasi nayo: baruti hizi za vijiti, punje chache tu zinasogeza namba ya mwisho, na nilikuwa nazidondosha moja moja kwa kibano huku feni imezimwa.

Nani anunue za dukani basi? Anayeanza, anayepiga mita 100 kujifunza mkao na triga, na yeyote asiye na jioni tulivu ya kukaa bila simu na bila mazungumzo. Kujaza risasi huku unapiga soga ndiko kunakozaa ganda lenye baruti mara mbili au lisilo na baruti kabisa. Kama utazijaza, faida ya pesa ipo kwenye ganda, maana unalitumia tena na tena, ila likianza kuonyesha ufa shingoni au mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako chake, litupe, usilionee huruma.

Mimi naendelea na A kwa masafa marefu. B sitaijaza tena kwa ganda hili, zilizobaki nitazimalizia kwenye mazoezi ya mita 100, ambako hazina tatizo lolote.