Kiti cha kuvizia ndege: nilivyokirekebisha mpaka nakaa masaa manne bila kutikisika

Mwangaluka wadau, mwangaluka sana, karibuni tena. Leo niko hapa bwawa la Igombe, Tabora, jua ndo kwanza linatoka, hao mnaowasikia nyuma yangu ni kwarara, na leo sijaja na picha, leo nataka tuongee kuhusu hiki nilichokalia, maana tangu niweke ile klipu ya mdiria anapiga mbizi mmeniuliza sana, kaka unafikaje karibu hivyo na ndege haruki. Jibu ni hiki kiti. Ila kiti chenyewe nilivyokipokea na kilivyo leo ni vitu viwili tofauti, na hapo ndo pana maongezi.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, hiki ni kiti cha kukunja kama vile vya kwenda navyo ufukweni, alafu mgongoni kimeshonewa turubai jepesi lenye fito za faiba, ukishakaa unalivuta kutoka nyuma linapita juu ya kichwa linashuka mpaka miguuni, mbele na pembeni kuna vidirisha vya zipu. Kama ushawahi kulinda mpunga shambani wewe fikiria dungu, ila hili dungu unalibeba mgongoni. Wenzetu Ulaya na Marekani kinatumika sana na wawindaji, mtu anakaa na bunduki anavizia paa au bata. Mimi humu ndani napiga kwa kamera tu, na niliseme mapema ili tusisumbuane kwenye komenti, kuwinda hapa kwetu kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuna vibali vyake, sio jambo la kununua kiti ukaingia porini.

Sasa niwaambie kitu nilichokiona baada ya miezi ya kukaa humu. Watu wanadhani kinachokuficha ni turubai. Turubai linasaidia ndio, lakini ndege anachokishika haraka kuliko rangi ni mtikisiko, na mtu anatikisika kwa sababu anaumia, mguu umekufa ganzi, kiuno kinawaka, jasho linaingia machoni, basi anajigeuza kidogo tu, turubai lote linacheza, yangeyange aliyekuwa mita kumi anaondoka na wenzake wote. Kwaiyo mimi nikiongelea starehe ya kiti siongelei anasa, naongelea picha. Mwili ukitulia na turubai linatulia.

Tuanze na kukaa maana ndo shida kubwa. Kiti kilivyokuja kitambaa cha kukalia kinabonyea katikati kama bembea, makalio yanashuka, magoti yanapanda juu, na lile bomba la mbele linakukata chini ya mapaja. Dakika ishirini tu vidole vya miguu huvisikii. Nilijaribu kuweka mto, mto nao ukabonyea humo humo. Dawa yake ni ubao. Nilichukua plaiwudi nikakata vipande viwili, nikaviunganisha katikati kwa ngozi ya kiatu kikuukuu badala ya bawaba ya chuma, kwa sababu chuma kinalia na ngozi hailii, ubao unakaa juu ya yale mabomba mawili ya pembeni na sio juu ya kitambaa, alafu juu yake sponji ya unene wa vidole vitatu niliyokata kwenye godoro lililochoka. Ukingo wa mbele wa sponji nimeupunguza ukawa mteremko, hapo msiruke wadau, huo mteremko ndo unaookoa mapaja. Sasaivi nakaa juu zaidi, goti langu limekunjwa vizuri, nyayo zote zinagusa chini, na ubao naufunga na mipira miwili ya tyubu ya baiskeli ili usitembee. Kuondoka nafungua, nakunja ubao kama kitabu, kiti kinakunjika kama kawaida.

Mgongo sasa. Hiki kiti kimelalia nyuma, ni kizuri kama unapumzika, lakini mtu wa kamera anainama mbele, yani muda wote mgongo wako haugusi popote. Hapa sikuhangaika, nimekunja sweta nikalishona ndani ya kipande cha kitenge, nimelifunga usawa wa kiuno. Basi. Na asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba hapa Tabora unalifumua unalivaa.

Miguu ya kiti imenitesa kuliko vyote. Ile miguu ina vikofia vidogo vya plastiki, kwenye sakafu havina neno, lakini njoo huku pembezoni mwa bwawa mwezi wa tisa, maji yamerudi nyuma yameacha tope, au kaa kwenye udongo wa mbuga ule mweusi, mguu mmoja unazama mwingine unabaki, unajikuta umeegemea upande na kila ukijiweka sawa unazama zaidi. Nilienda kwa fundi wa makatambuga, zile ndala za tairi, nikamwomba anikatie duara nne za tairi, upana wa kiganja kilichofunguliwa, katikati akachonga tundu lisilotoboka, mguu unaingia humo unang'ang'ania, na nyuma nikafunga waya ili duara lisibaki kwenye tope nikinyanyua. Tairi likilala juu ya tope uzito unasambaa, kiti hakizami, alafu halina sauti ukiligonga na jiwe. Yule fundi aliniuliza nataka kufanya nini, nilipomuonesha picha kwenye simu akakataa kunidai hela ya duara mbili, akasema mwanangu ukimpata korongo vizuri niletee nimuone. Nilimpelekea.

Sauti. Ndugu zangu, zipu. Alfajiri bwawa limetulia, unafungua kidirisha kidogo tu, krrrrr, kila shingo inageuka. Na sisi watu wa Tabora hatuna kisingizio, tumezungukwa na nta! Chukua nta ya nyuki, ile ya wafugaji wetu wa Sikonge na Urambo huko, paka kwenye meno ya zipu pande zote, fungua funga mara kumi hivi, paka tena, inateleza kimya kabisa na vumbi haliikamati kama ungepaka mafuta. Mafuta msipake, yanashika mchanga yanaua zipu. Zile nata nata kama za viatu vya watoto nimezing'oa zote, nimeweka vifungo vya kijiti na kitanzi cha kamba kama kwenye makoti ya zamani.

Na hapo kwenye vifungo nina sababu nyingine nzito zaidi. Kiti kilipokuja mbele kinafungwa kwa zipu moja ndefu mpaka chini, yani kutoka humo haraka hakuna. Kwenye bustani huko kwao sawa, lakini mimi nakaa kando ya maji, na mto kama Ugalla una viboko na mamba. Siwezi kukaa ndani ya kitu ambacho nikitaka kutoka natafuta kishikio cha zipu. Sasaivi nikisukuma kwa mkono mmoja vitanzi vyote vinaachia, turubai linarudi nyuma, nimesimama. Kijaribu nyumbani, tena gizani, mpaka mkono uzoee. Na usiweke kiti kwenye njia ya kiboko, utaiona tu, imesagika kama mfereji unaotoka majini. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ile iliyopandishwa hadhi 2019, huwezi kwenda kujikalia tu, unalipia kiingilio na unatembea na askari, muulize yeye wapi panafaa kukaa, wanajua kuliko mimi na wewe.

Rangi. Turubai la kwangu lilikuja na mabaka yale ya kijeshi, na hapa nchini raia na mavazi ya mabaka ya jeshi haviendi pamoja, mnakumbuka 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Hili sio vazi lakini sitaki kumpa mtu yeyote kazi ya kunihoji porini saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimejificha na mtambo mrefu kama bomba, kwaiyo nimelifunika lote na kitambaa cha gunia, lile la kufungia marobota ya tumbaku. Na kusema kweli limekuwa zuri zaidi kwa miombo, halina mng'ao wa nailoni, upepo ukipiga halipigi makofi, na mwezi wa tisa wa kumi miti inavyotoa yale majani mapya mekundu kabla ya mvua gunia linaingia humo humo hulioni. Kufua tumia sabuni ya mche, ile ya unga yenye vitu vya kung'arisha achana nayo, ndege wengi wanaona mwanga wa ultravayoleti ambao sisi hatuuoni, kitambaa kinachokuonekea wewe cha kahawia kwao kinaweza kuwa kinawaka.

Alafu mbung'o. Anayeenda upande wa Ugalla anajua. Mbung'o anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, sasa begi la kubebea hiki kiti lilikuja la bluu iliyokolea, nikawa naliweka pembeni yangu nashangaa kwa nini wamejaa upande mmoja. Begi nimebadilisha, na nje ya turubai hakuna bluu wala nyeusi hata uzi.

Nyeusi iko ndani tu, kwenye dirisha. Hapa nimebadilisha neti, iliyokuja ilikuwa ya kijani hafifu, jua likiipiga inang'aa huoni nje vizuri. Nimeshona neti nyeusi ya dukani, nyeusi hairudishi mwanga machoni, unaona nje kama hakuna kitu. Msikate chandarua cha nyumbani jamani, kile ni cha malaria, na tena cheupe hakifai kabisa. Dirisha la nyuma lifunge muda wote, ukiliacha wazi mwanga unapita nyuma yako, ndege anaona kichwa chako kama kivuli ukutani. Joto litoe juu, mimi nimefungua mdomo wa upana wa kiganja kule kileleni nyuma, nikaufunika na kipande cha gunia kama mchirizi wa paa, hewa moto inapanda inatoka. Kabla ya hapo saa nne asubuhi nilikuwa natoka nimelowa.

Kamera inakaa wapi, hili mmeuliza wengi. Tripodi humo ndani haitoshi, miguu yake inagombana na miguu ya kiti, unaigonga kila ukigeuka. Mimi natumia fimbo moja yenye panda, urefu wake mpaka kidevuni nikiwa nimekaa, ile panda nimeizungushia tyubu, lenzi inalala hapo, uzito wote unashuka chini kwenye fimbo, mikono yangu kazi yake ni kuelekeza tu. Lenzi ndefu ya milimita 400 unakaa nayo asubuhi nzima bega halichoki. Mwenye lenzi fupi anaweza kuweka kifuko cha pumba za mpunga mapajani, inatosha.

Na mambo madogo. Kabla hujatandika kiti angalia chini kama kuna siafu, angalia kabisa na tochi, maana ukishafunga turubai wakapanda hakuna uvumilivu wa namna hiyo duniani. Maji weka kwenye chupa laini, ile ngumu inalia. Simu izime mtikisiko pia. Mkanda wa kubebea uliokuja nao ni mwembamba unakata bega, kiti na ubao na matairi vinafika kilo 8, mimi nimeweka mikanda miwili mipana ya begi la shule nabeba mgongoni, kwenye boda nakaa nacho vizuri hakimgongi dereva.

Kuna anayetaka kuuliza ninunue au nitengenezeshe. Kwa maoni yangu kama una fundi cherehani mzuri na fundi wa kuchomelea, nunua kiti cha kawaida cha kukunja chenye mabomba manene na mgongo ulionyooka, mpe fundi gunia na fito, mtatoa kitu kizuri kuliko hiki nilichoagiza mimi, kwa sababu kwenye hiki nilicholipia na bado kimebaki kama kilivyokuja ni mabomba na fito peke yake. Ila usiende nacho porini siku hiyo hiyo. Kaa nacho uani kwako, turubai limeshuka, saa nzima, usiguse simu, popote patakapoanza kuuma weka alama na chaki, siku inayofuata rudi kwa fundi na hizo alama. Mimi nilirudi mara nne.

Vipimo vya ubao na duara za tairi ntavionesha kwa futi kwenye video ijayo, nitakuwa nyumbani mwanga upo vizuri. Sasa naomba nishushe turubai, yule mdiria karudi kwenye kijiti chake pale kushoto na mgongo wake umeshapata jua.