Tahadhari: muuzaji wa mitambo ya simu Kampala anayetoza "leseni ya kuhamisha simu"

Mawakala wenzangu wa forodha, na yeyote mwenye ofisi ndogo yenye simu za mezani hapa Kampala, Malaba au Busia: kuna muuzaji wa mitambo ya simu, yale maboksi yanayounganisha simu za ofisi na laini za nje, anayezunguka maofisini akiuza kitu kisichouzwa. Anakiita leseni ya kuhamisha simu kwenda nje. Jina lake siliweki hapa kwa sababu malalamiko yetu bado yanashughulikiwa, lakini nikieleza anavyofanya kazi mtamtambua tu.

Kazi yetu mnaijua. Dereva anafika Malaba saa saba usiku, nyaraka zina kasoro, anapiga namba ya ofisi iliyo kwenye karatasi zake. Ofisi imefungwa. Hapo simu ya mezani inatakiwa ijihamishe yenyewe hadi kwenye simu ya mkononi ya aliye zamu. Hilo ndilo tulilolilipia, na siku ya kukabidhiwa mtambo lilifanya kazi tukiona kwa macho yetu. Baada ya muda likagoma. Simu ya mezani inalia peke yake gizani, ya mkononi kimya, dereva anasubiri hadi inakatika.

Ukimpigia muuzaji, jibu ni lile lile: "Bosi, leseni ya kutoka nje imeisha." Anataka shilingi 350,000, tena zitumwe kwa simu kwenye laini yenye jina la mtu, si la kampuni. Ukiomba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, mfumo wao siku hiyo haufanyi kazi, na siku nyingine zote vilevile. Pesa zikifika anaingia kwenye mtambo akiwa huko huko aliko, dakika chache tu, simu zinaanza kuhama. Miezi inapita, zinagoma tena.

Sasa lile boksi lenyewe. Stika ya juu ina jina la duka lake, lakini ndani ni Asterisk, programu inayoendesha mtambo wa simu, na juu yake FreePBX, kurasa za kuipangia mipangilio. Asterisk ni programu huria aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, na hadi leo unaipakua bila kulipa hata shilingi. FreePBX ina nyongeza za kulipia, hilo ni kweli, ila kuhamisha simu kwenda namba ya nje si mojawapo. Unabonyeza *72 kwenye simu ya mezani, unaingiza namba, basi. *73 inaondoa. Na ile sehemu ya Follow Me, inayoita simu kadhaa kwa mpangilio unaoutaka, nayo ni bure.

Kijana mmoja fundi tuliyemwita kutoka Ntinda alipofungua ukurasa huo wa Follow Me alicheka kwanza. Namba ya aliye zamu ilikuwepo, tarakimu zake zote kumi, lakini mwishoni haikuwa na alama ya #. Hapo namba ya nje lazima imalizike kwa #. Ukiiacha, mtambo unaichukulia kama ekstensheni, yaani namba fupi ya simu ya humu ndani, unaitafuta, hauioni, unaachana nayo. Akaweka #, akahifadhi, akapiga ofisini kwa simu yake. Ikahama. Hiyo ndiyo leseni ya laki tatu na nusu. Nani alikuwa anaiondoa, siwezi kuapa, ila paswedi ya msimamizi alikuwa nayo muuzaji peke yake. Sisi alitunyima, eti kwa usalama wetu.

Usalama wenyewe ndio huu. Ili simu ihamie kwenye namba za mkononi za hapa, mtambo unahitaji kanuni ya kutoka: 07 ikifuatwa na tarakimu nane. Yeye aliandika 0 ikifuatwa na chochote. Na Uganda simu ya kimataifa inaanza na 000. Yaani kanuni aliyoweka kwa ajili ya mtu wa zamu inaruhusu kupiga dunia nzima. Ongeza kwamba ekstensheni zetu zilikuwa na paswedi sawa na namba zake, 101 kwa 101, na boksi limeachwa wazi kwenye intaneti ili yeye aingie akiwa kwake. Kuna programu zinazobisha hodi mchana na usiku kwenye poti 5060, mlango wa simu za intaneti, wa mitambo iliyoachwa hivyo. Zikipata ekstensheni zinapiga namba za nchi za nje za gharama kubwa, na wenye namba hizo hugawana mapato ya kila dakika. Hupenda wikendi, ofisi zikiwa tupu. Jumatatu moja tulikuta salio limekauka, na kwenye orodha ya simu zilizotoka kuna nchi ambazo hatujawahi kupokea kutoka kwao hata katoni moja. Muuzaji alisema ni kosa la kampuni ya simu. Kosa gani? Simu zilitoka kwenye mtambo wetu, kwa paswedi yetu.

Kwa hiyo simu ikigoma kuhama, kabla hujamtumia mtu pesa, piga ile namba ya mkononi moja kwa moja kutoka simu ya mezani. Ikiita, laini ni nzima na kanuni ya kutoka ipo, asikuletee habari za leseni. Kisha kaa meza nyingine, piga ekstensheni inayohamishwa. Ikiwa simu ya ndani inahama ila ya mteja wa nje inakataa, angalia kwanza namba ya mpigaji: mtambo unapeleka simu ukionyesha namba ya dereva, na kampuni nyingi za simu hazipitishi namba isiyo yako. Kwenye mipangilio ya tranki, yaani kiungo cha mtambo na kampuni ya simu, kuna chaguo la kulazimisha namba ya ofisi. Aliye zamu hatajua ni nani anayepiga mpaka apokee, lakini atapokea. Kama si hilo, hesabu njia, yaani simu ngapi zinaweza kuwa hewani kwa wakati mmoja. Simu iliyohamishwa inakula mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo mwenye njia mbili tu, dereva mmoja akiwa hewani, wengine wote wanakuta laini inatumika. Huyu bwana huuza njia mbili na kukuhakikishia zinatosha.

Wenye laini za waya za zamani wana shida yao nyingine: watu wameshakata simu, mtambo haujatambua toni ya kukata, laini mbili zinabaki zimeshikana na bili inakwenda. Fundi aurekebishe uitambue toni hiyo, na aweke kikomo cha muda kwa simu zilizohamishwa.

Kama yeye ndiye aliyekufungia mtambo, dai paswedi ya msimamizi kwa maandishi, ibadilishe ukiipata, na badilisha za ekstensheni zote. Boksi litolewe kwenye intaneti ya wazi. Iombe kampuni ya simu ifunge simu za kimataifa kwenye laini yako kama huzihitaji. Kanuni ya 0 iangaliwe kabla hujafunga ofisi Ijumaa hii. Na akikuletea tena proforma yenye neno leseni, mwulize imetolewa na nani na namba yake ni ipi. Sisi tulimwuliza, hajapokea simu zetu tangu hapo.