pnpm kwa sisi tunaosukuma projekti kwa bando: maoni yangu baada ya kuitumia

Wakuu, kama unaandika JavaScript na intaneti yako ni bando la simu, naomba hii pnpm uipe nafasi. Kwa asiyeijua, ni programu ya kushusha na kupanga pakeji za projekti (kodi zilizoandikwa na wengine unazozitumia), kazi yake ni ile ile ya npm, ile inayokuja na Node, programu ya kuendesha JavaScript nje ya browser, na mzigo inautoa kule kule kwenye rejista ya npm, ila namna inavyouhifadhi kwenye mashine ni tofauti kabisa alafu ni kali kwenye mambo ambayo npm inayaacha yapite. Naitumia kwa kazi za wateja na za kwangu na sina mpango wa kurudi nyuma. Matatizo ya dipendensi, yaani pakeji ambazo projekti inazitegemea, haiyamalizi, hakuna programu inayoyamaliza, ila inayafichua ukiwa bado upo kwenye laptopu yako na sio siku umeshapandisha kwenye seva na mteja anapiga simu.

Tuanze na nafasi. Kwa npm kila projekti ina folda yake ya node_modules yenye nakala kamili ya kila kitu, ukiwa na projekti 10 za React (laibrari ya kutengeneza kurasa) una nakala 10 za React na ndugu zake wote, na hizi laptopu zetu za mtumba za diski GB 256 zinajaa chap. pnpm ina stoo moja kwenye mashine, kila faili linakaa humo mara moja tu, alafu node_modules ya kila projekti inawekewa linki za kwenda kwenye stoo. Likija toleo jipya la pakeji ambalo limebadilisha faili moja kati ya 100, kwenye stoo linaongezeka hilo moja tu. Niwe mkweli, npm nayo ina kache yake, pakeji ambayo umeshaishusha sio kwamba inaishusha upya kila mara, lakini inaifungua na kuinakili tena kwa kila projekti na hapo ndo muda na diski vinapoliwa. Angalizo kwa watu wa Windows: stoo na projekti vikae kwenye diski moja, ukiweka stoo C na projekti D hizo linki hazifanyi kazi, inabidi inakili mafaili na ile faida yote inapotea.

Kwenye mtandao wa kukatika katika ndo nimeipenda zaidi. Usakinishaji ukikatika njiani ukaletewa ECONNRESET au ETIMEDOUT usifute chochote, pakeji zilizokwisha fika zipo stoo, piga pnpm install tena inaendelea na zilizobaki. Ikigoma mara kwa mara fungua faili la mipangilio la .npmrc (kwa toleo la 10) uweke network-concurrency=4 ili isivute pakeji nyingi kwa mpigo, na fetch-timeout=300000, maana muda wake wa kawaida ni 60000, yaani dakika moja, na kwa mtandao wa kusuasua pakeji nzito haimaliziki ndani ya dakika. Na kama kila kitu projekti inachohitaji kipo stoo tayari, pnpm install --offline inasakinisha bila kugusa bando kabisa, hii kwa kweli ni raha.

Sasa ukali wake. Watu wengi wakihamia siku ya kwanza wanakutana na Cannot find module kwenye projekti iliyokuwa inafanya kazi vizuri tu, wanasema pnpm ni mbovu wanarudi. Sio mbovu. Tangu toleo la 3, mwaka 2015, npm inatandaza pakeji zote juu kwenye node_modules, kwahiyo ukisakinisha Express (pakeji ya kutengeneza seva) unaletewa pembeni na debug, pakeji ambayo Express inaitegemea, na kodi yako inaweza kuiita debug hata kama hujaiandika kwenye package.json, faili lenye orodha ya pakeji za projekti. Inakubali, unaendelea na maisha, siku Express wanaiondoa au wanabadilisha toleo, apu yako inakufa na wewe hujagusa mstari hata mmoja. pnpm inakuruhusu kuita kile tu ulichokiandika. Dawa ni kusoma jina la moduli kwenye kosa na kupiga pnpm add debug, basi. Kuna njia ya mkato ya kuweka shamefully-hoist=true, inayotandaza pakeji zote juu kama npm, na hata jina lenyewe linakuambia ni la aibu, itumie tu kama una projekti ya zamani ya mtu mwingine na huna muda.

Alafu kuna lile kosa linalosumbua kila mtu, ERESOLVE. npm kuanzia toleo la 7, mwaka 2020, inasakinisha yenyewe peer dependencies (pakeji ambazo laibrari inataka ziwepo kwenye projekti yako, kwa matoleo fulani) na zikigongana inagoma. Mfano una React 19, ile iliyotoka Desemba 2024, na laibrari yako ya kuchora chati imeandika kwamba inakubali 16, 17 na 18 tu. Ushauri unaozunguka kila mahali ni --legacy-peer-deps au --force, na hiyo inanikera sana maana unanyamazisha kengele bila kujua moto uko wapi. pnpm kwa kawaida haigomi hapo, inakupa onyo la unmet peer likiwa na jina la pakeji na toleo ililolitaka, alafu ukipiga pnpm why react unaona nani kaileta na kwa njia gani. Ukishaona, una uamuzi: tafuta toleo jipya la ile laibrari, ibadilishe, au shusha React. Uamuzi unaufanya kwa kujua.

Toleo la 10 lililotoka Januari 2025 limeongeza kitu ambacho mwanzoni kinachanganya. Skripti za pakeji zinazojiendesha zenyewe wakati wa kusakinisha zimezuiwa. Utaona imeandika Ignored build scripts na majina kama bcrypt, sharp, esbuild, ukiyapita bila kusoma alafu ukawasha seva, pakeji kama bcrypt inaweza kukuambia haipati sehemu yake. Piga pnpm approve-builds, chagua unazoziamini, imeisha. Usumbufu huu mimi naukubali kwa mikono miwili, maana Septemba 2025 yule mdudu aliyeitwa Shai-Hulud alisambaa kwenye rejista ya npm kwa kutumia skripti za aina hiyo hiyo, akawa anaiba funguo za watengenezaji. Mwezi ule ule pnpm wakaleta minimumReleaseAge, unaiambia isichukue toleo lolote ambalo halijafikisha muda fulani tangu litoke, inahesabiwa kwa dakika, kwahiyo 1440 ni siku nzima. Kwa kazi yenye pesa za watu ndani yake, iwashe.

Kasoro zipo. Projekti nyingi za React Native za zamani hazielewani na mpangilio wa linki, inabidi uweke node-linker=hoisted, inayotandaza pakeji kama npm, na hapo faida ya ukali inaondoka. Nyingine inayotugusa sana huku ni hosting za bei nafuu za cPanel, kile kitufe cha kusakinisha pakeji kinaita npm, pnpm haijui. Na pakeji zinazohitaji kujengwa kwa C++ zitaendelea kukudai Python na kompaila hata ukitumia nini, bado watu wanahangaika na node-sass ilhali iliachwa zamani, weka sass tu.

Kuhamia ni rahisi, uwe na Node 18.12 kwenda juu kwa hilo toleo la 10, piga npm install -g pnpm@10, na Linux ikikuletea EACCES (kosa la ruhusa) usikimbilie sudo, sakinisha Node kwa nvm, programu ya kusimamia matoleo ya Node. Ndani ya projekti piga pnpm import kwanza, inasoma package-lock.json yako (faili la npm linaloandika toleo kamili la kila pakeji) na kutengeneza pnpm-lock.yaml yenye matoleo yale yale, ndo ufute node_modules na package-lock.json kisha pnpm install. Usiruke hiyo import, ukiiruka matoleo yatachaguliwa upya na utakuwa unatafuta kosa ambalo halikuwepo. Kama kazi yako inaishia kwenye cPanel, kwa projekti hiyo baki na npm. Zilizobaki zote hamisha, anza na ile ndogo.