Darubini ya 8x32 kwa familia: tumeijaribu juu huku Kadutu

Jambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko Kadutu, hapa Bukavu, barzani kwa mama mkubwa, na hii iliyo mkononi ndiyo mliyoniomba sana kwenye maoni: darubini ya familia. Ya kukaa na watoto Jumapili saa kumi, kuangalia mji wetu bila kutoa hata franka moja. Bukavu imepanda milima yenyewe. Ukiwa na barza upande huu, tayari unayo sehemu ambayo miji mingine watu wanapanga foleni ili waifikie.

Ni 8x32: inakuza mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 32. Mengine ya namba hizo nilieleza kwenye video ya zamani, sirudii. Nyeusi, ina mpira juu, inaingia kwenye mkoba wa mama. Twende kwenye kitu ambacho kimenifanya nirekodi leo badala ya kungoja wiki ijayo.

Bawaba. Angalieni hapa katikati, nasogeza kamera karibu. Mnaona inavyokunjwa? Inakunjwa, inakunjwa... bado inakwenda. Hapo ndipo inagota. Sasa naweka rula, kutoka katikati ya kioo cha jicho la kushoto hadi katikati ya kioo cha jicho la kulia. Milimita 52. Ngoja niwashe taa ya simu muione vizuri. Hamsini na mbili! Mimi nimefurahi sana na namba hii, na nitawaambia kwa nini.

Mtu mzima, kutoka mboni hadi mboni, ana milimita sitini na kitu. Mtoto wa miaka saba ana hamsini na kitu tu. Darubini nyingi zimetengenezwa kwa uso wa mtu mzima, zinagoma kwenye 56 hivi, haziendi chini zaidi. Ukimpa mtoto, anaona maduara mawili na giza katikati, au jicho moja linaona na lingine limefungiwa. Na watoto wetu mnawajua, wana heshima. Ukimuuliza "unaona?" anajibu "ndiyo papa, naona", anakurudishia, anakwenda kucheza mpira. Wewe unabaki unasema watoto wa siku hizi hawapendi kuangalia vitu, wanapenda simu tu. Hapana! Hakuona kitu. Kifaa hakikuwa cha uso wake.

Njoo mama, simama hapa mbele ya papa. Huyu ni binti yangu, msalimieni. Sasa angalieni ninavyofanya. Kwanza naifungua yote, namwekea machoni, halafu naikunja polepole huku yeye ameangalia. Mama, sema ukiona duara moja. Bado? Bado... "Moja!" Mmesikia? Hapo naacha, siigusi tena.

Sasa hapa ndipo pa kumpima, na hili nawaomba mlichukue hata kama hamtanunua chochote. Usimuulize kama anaona. Muulize kitu ambacho macho matupu hayawezi kukijua. Mama, ile boti kule ziwani, mbele ya rasi ya Labotte, ina watu wangapi? "Watatu. Na mmoja amevaa kofia." Kofia ya rangi gani? "Nyekundu." Mimi bila darubini naona mstari mweusi tu juu ya maji. Basi tunajua anaona, tena anaona vizuri. Tangu hapo hajaitaka simu yangu. Anatafuta boti nyingine.

Acheni nimwachie kidogo, tuzungumze sisi.

Kuna mtazamaji wetu wa Brussels aliyeniandikia kwamba kule kutazama mji ni gharama, familia nzima ikipanda mnara unatoka mfuko mtupu. Ndugu yangu, hapo kwenu mnapo pa bure. Nenda Place Poelaert, mbele ya lile jengo kubwa la mahakama. Uwanja uko juu, mji wa chini wote uko miguuni pako, na hewa ikiwa safi unaiona Atomium kule mbali, ile mipira tisa ya chuma ya maonyesho ya 1958, yenye mita 102. Pembeni kuna lifti ya vioo inayowashusha hadi mtaa wa Marolles, nayo ni bure, watoto wataipenda kuliko hata mji. Na Tokyo, jengo la serikali ya mji lina ukumbi wa kutazamia ghorofa ya 45, mita 202, bila kulipa. London kuna Sky Garden na Horizon 22, bure pia, ila unaweka nafasi mapema kwenye intaneti. Kwa hiyo mlio ng'ambo, kabla ya kulipia mnara, tafuteni kwanza. Darubini kama hii ukiipeleka Poelaert, watoto watakaa saa nzima.

Turudi. Kitu cha pili, pete ya jicho la kulia. Hii wengi hawaigusi kabisa, wanadhani ni urembo. Mama mkubwa, samahani, tukutumie kidogo kwa ajili ya watazamaji. Jicho lake la kulia limechoka kuliko la kushoto. Alipoishika mara ya kwanza alisema kuna ukungu. Ukungu haupo, leo hewa ni safi, mvua imenyesha mchana.

Hivi ndivyo tunafanya. Mama mkubwa, funika jicho la kulia kwa kiganja, usilifumbe kwa nguvu, ukilifumba hivyo la kushoto nalo linakunjamana. Lenga paa la kanisa kuu. Zungusha gurudumu la katikati mpaka ukingo wa paa ukate vizuri. Tayari? Sasa gurudumu usiliguse tena. Funika la kushoto. Zungusha pete hii tu, hapa chini ya jicho la kulia, polepole. Polepole mama mkubwa... Hapo. Fungua yote mawili.

Mmesikia alivyosema? "Eeh! Hata madirisha!" Anahesabu madirisha sasa.

Na mimi nimeweka alama kwenye pete. Sogea kamera. Hii nukta nyekundu ni rangi ya kucha ya mke wangu, ndiyo sehemu ya mama mkubwa. Nyeupe ni yangu. Darubini ikipita mkono kwa mkono, kila mtu anarudisha pete kwenye nukta yake, haichukui hata nusu dakika, hakuna kugombana. Wenye miwani, hii mipira ya kuwekea jicho inazungushwa na kushuka chini kabisa, unaangalia ukiwa na miwani yako. Wasio na miwani waipandishe juu. Basi.

Sasa mmeniuliza sana kuhusu zile nyingine, zile ndogo zenye vioo vyekundu kama vya miwani ya wasanii, zimeandikwa 30x60, wakati mwingine hadi 100. Muuzaji anakuambia hii inaona mpaka ng'ambo ya ziwa, ile yako inaona nane tu. Ndugu zangu, hili linaniumiza kwa sababu ni pesa ya watu wenye watoto. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua rula dukani. Imeandikwa 60, pima kioo: utakuta ishirini na kitu. Kama wamedanganya kwenye namba unayoweza kuipima kwa rula ya mtoto wa shule, hiyo ya kwanza utaiaminije? Na ile rangi nyekundu inarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo ndani picha inageuka kijanikijani. Mabati mekundu ya Bagira yanaonekana kama yameoza.

Tena hata ingekuwa kweli mara 30, ungefanya nayo nini? Mkono unatetemeka, na darubini inakuza kila kitu, pamoja na mtetemo wako. Kwa mikono mitupu, nane ndiyo mwisho wa raha kwa mtoto. Kumi kwa mtu mzima mwenye mkono uliotulia. Zaidi ya hapo nunua tripodi. Mimi hata ningeipata yenye sita ningefurahi zaidi kwa watoto wadogo, picha inatulia na unaona sehemu kubwa ya mji kwa mara moja. Kwa kweli, jinsi ninavyoongea, nadhani mwenye mtoto wa miaka minne au mitano atafute 6x30 kabla ya hii.

Kinachonikera sasa. Mkanda. Huu mkanda ni mgumu, mwembamba, unakata shingo. Nimeutoa, nimeshona kipande cha kitenge, ndicho mnachokiona hapa. Na hivi vifuniko vya vioo havijafungwa popote, kimoja kilishaanguka bondeni, na mnalijua bonde la hapa, kikishuka kimeshuka. Kampuni imeweka akili yote kwenye bawaba halafu ikashindwa kuweka kamba ya kifuniko! Inaniudhi.

Saa za kuangalia. Kutoka huku Kadutu ziwa na rasi zetu ziko upande wa mashariki na kaskazini. Asubuhi jua linapanda kutoka Rwanda, linakupiga usoni, mji unaonekana kivuli. Ngoja alasiri. Kuanzia saa kumi jua liko mgongoni, linamulika kuta za mitaa ya Muhumba na Nguba, rangi zote zinatoka. Kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, kuna moshi na vumbi, usitegemee mbali. Bora msimu wa mvua, mara tu mvua ikikatika. Na watoto wafundisheni tangu siku ya kwanza: darubini haielekezwi juani hata kidogo. Jicho linaungua na halirudi.

Jambo lingine, hili nalisema bila tabasamu. Kwa mji wetu, angalieni mnakoielekeza. Mpaka wa Ruzizi, kambi, vizuizi, mtu yeyote mwenye silaha: hapana. Madirisha ya majirani: hapana. Kaa uani kwako au kwa ndugu, wajulishe majirani, usipande nayo kilima usichojulikana. Hali ikiwa na wasiwasi, iache sandukuni. Walioniomba niweke darubini kwenye drone au nirushe drone juu ya mji, jibu ni lile lile la siku zote, sirushi.

Sasa imefika saa kumi na mbili, nisogeze kamera, kwa sababu hapa ndipo nimebadilisha mawazo yangu kuhusu vioo. Nilikuwa nimeandika kwamba 32 ni ndogo kwa jioni. Angalieni kule. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka. Mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, nyavu katikati, na taa zinaanza kuwashwa moja baada ya nyingine, kwa sababu sambaza wanafuata mwanga. Kwa macho ni nuktanukta. Kwa hii darubini naona ile miti mirefu inavyoinama, naona mtu amesimama kwenye mtumbwi wa kati. Mchana umeisha na bado inaona! Binti yangu anauliza kama samaki hao walikuwepo siku zote. Hapana mama, waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya hamsini, ziwa hili halikuwa nao. Kwa hiyo nafuta nilichoandika. Kwa jioni inatosha, ikifika kama saa moja ndipo inachoka.

Bei. Muuzaji alianza kwa dola 65, tukaongea, nikatoa 48. Zile za vioo vyekundu unapata kwa 15, na ndiyo maana watu wanazichukua, sitawalaumu. Lakini 15 ambayo mtoto haoni kitu ni 15 iliyopotea. Kama 48 ni nzito, na najua ni nzito, nunueni pamoja, ndugu wa parsela moja au kaka na dada, ikae kwa mzazi, Jumapili inatoka. Sisi ndivyo tulivyofanya, inalala hapa kwa mama mkubwa. Zaidi ya 55 msilipe.

Habari za chaneli: video sasa zitakuwa zinatoka Jumapili jioni badala ya Ijumaa, kwa sababu umeme wa Ijumaa umekuwa haueleweki na sitaki kuwaahidi kisha nikose. Inayofuata ni thermosi tatu za chai, nimezijaza tangu asubuhi, tutaona ipi inafika jioni na moto. Walio Goma na Lubumbashi, niambieni chini mnakaa wapi na familia kuangalia mji bila kulipa, nataka majina ya mitaa.

Na mkienda dukani kununua, beba rula, kunja bawaba mpaka igote, pima katikati kwa katikati. Ikigota kwenye 56 au zaidi na una mtoto wa chini ya miaka kumi, irudishe kwenye kabati la muuzaji. Andikeni umri wa mtoto wenu na namba mliyopata, nitajibu kila mmoja usiku huu.