Nati ya sumaku ya giaboksi otomatiki: ichemshe kabla hujaifunga

Habari zenu watazamaji, karibuni Dodoma. Hapa mezani nina nati mbili za kumwagia oili ya giaboksi otomatiki, zote zina sumaku kwenye ncha. Muuzaji atakwambia zote ni kali. Hapana, hazilingani hata kidogo.

Hii ya kwanza, sumaku imebandikwa kwa gundi. Naishika na koleo, navuta... mmeona? Imetoka. Ingekuwa ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, tungekuwa tumeiongezea giaboksi uchafu. Hii msinunue.

Ya pili sumaku imebanwa ndani ya chuma chenyewe. Mtihani wake ni joto. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi 80 za sentigredi, na zikipoa nguvu hairudi yote. Oili ya giaboksi ikiwa kazini hufika hapo kirahisi, na ukipandisha mlima wa Nyang'oro kwenda Iringa gari limejaa, inazidi. Kwa hiyo nimeichemsha. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kipimo kizuri kabisa. Ilikuwa inanyanyua spana hii ya 14. Imechemka, imepoa... bado inainyanyua. Safi sana.

Sasa faida yake ni nini, wakati gari nyingi za Kijapani zina sumaku tayari ndani ya sampo? Zile huzioni mpaka sampo ishushwe. Hii unaisoma kila unapomwaga oili. Ukikuta unga laini wa kijivu kama wanja, ni usagikaji wa kawaida, pangusa, rudisha. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, kuna gia au beringi inakatika: gari lisimame, fundi ashushe sampo siku hiyohiyo. Chenga za namna hiyo zikifika kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa oili ya kubadilisha gia, zinakwamisha valvu, gia zinaanza kuingia kwa kishindo.

Lakini nisikilizeni vizuri. Sumaku haishiki shaba, haishiki alumini, wala ule unga mweusi wa plati za klachi. Nati inaweza kutoka safi huku oili ni nyeusi na inanuka kuungua. Hapo amini oili, usiamini nati.

Nyuzi zake za kukazia zilingane na za nati ya zamani, na ncha isiwe ndefu ikagusa filta. Weka washa mpya, ile ringi ya kuzuia kuvuja, kaza kwa kiasi. Sampo nyingi ni za bati, zinaharibika nyuzi haraka.