Unapika nini? Bucha la baba na wanawe hapa Chake

Ukifika kwenye bucha hili ukasema "nipe kilo mbili", hupewi. Utaulizwa kwanza: "Unapika nini?" Ukijibu "nyama tu", yule mzee atamhudumia aliyesimama nyuma yako mpaka ukumbuke unachokwenda kupika. Wageni huona ni jeuri. Mimi ninayepikia shughuli, ambaye nyama ikiwa ngumu arusini nasemwa mimi na si mwenye ng'ombe, naona swali hilo ndilo linalonifanya nilipe shilingi mia tano zaidi ya bei ya sokoni kwa kila kilo.

Kibao hawana. Ni chumba kimoja karibu na soko la Chake Chake, Pemba, mlango wa kijani, vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, gogo la mwembe katikati lililolika upande mmoja kwa shoka la miaka. Baba, ambaye sote tunamwita Ami, anakata. Mtoto mkubwa wa kiume ndiye anayezunguka mashamba ya Ole na Konde kuchagua ng'ombe, na ndiye anayechinja. Mdogo wake kazi yake mifupa. Binti anashika pesa, daftari la madeni na mashine ya kusagia. Mama yao haonekani dukani, ila chupa za samli zilizopangwa kwenye rafu ni mkono wake, na ukizisifu sana baba mtu hutabasamu kama kasifiwa yeye.

Nianze na pilau, maana ndiyo inayoniweka mjini. Polo la mchele la kilo 50 mimi hulitilia nyama kilo 40 kama mwenye shughuli anajiweza, kilo 30 kama hajiwezi na hataki watu wajue. Nyama hiyo haitakiwi iwe steki tupu. Steki hutoa supu nyepesi, wali ukanukia uzile na mdalasini bila ya nyama yenyewe, na mnofu unakauka ukishapalia makaa juu ya mfuniko. Ami hunichanganyia shingo, kidari na mbavu, akaongeza mifupa ya magoti ya kutolea supu. Kisha anauliza sinia moja linaliwa na watu wangapi. Nikimwambia wanne, anakata vipande kwa hesabu ya sinia, vyote sawa. Vipande vikipishana, vidogo huvurugika sufuriani kabla vikubwa havijaiva, halafu anayepakua anaambiwa kawapendelea jamaa zake. Nimeona ugomvi wa ukweni ulioanzia kwenye sinia, nasema kwa sababu hiyo.

Lakini kilichonifunga kwao zaidi ni kwamba wanamtaja ng'ombe. Ng'ombe wetu wa Pemba ni hawa wadogo wenye nundu, na wengi kabla hawajafikia kisu wameshafanya kazi: wamevuta gari za mchanga, matofali, kuni. Fahali aliyevuta gari miaka mingi nyama yake ni nyekundu ya kiza, mafuta yake manjano, na nyuzi zake hazikubali kuachana hata ukeshe na kuni. Kuna bucha jingine, silitaji, ambalo nyama ya namna hiyo waliikata ndogo ndogo wakanifungia kimya, na watu wakanitafunia mpaka wakachoka. Hapa unaambiwa kabla hujatoa pesa: "Huyu alikuwa wa gari, mwanangu. Ya biriani usichukue leo. Chukua shingo na makongoro ukapige supu, ama rudi kesho."

Na akisema hivyo hasemi mapambo. Nilikuwa na biriani ya watu mia, imeshatangazwa, vitunguu vimeshakaangwa, akanikatalia katakata. Akampigia simu mwenziwe wa Wete, nyama ya mkono ikaja na gari ya abiria ya 606 ndani ya ndoo yenye barafu, vipande vikubwa kama nilivyotaka. Nauli ya ndoo nililipa mimi. Naandika ili asije mtu akaenda akidhani ni sadaka.

Kwenye foleni utasikia mengi. Mgeni mmoja aliuliza kama wanauza nyama ya ng'ombe wa mchezo, hawa wanaochezwa Pujini, Kengeja na Chwale. Watu walicheka. Ng'ombe wa mchezo hauawi uwanjani, anarudi kwa mwenyewe akaendelee na majani yake. Ndugu zetu wa Unguja nao wakija likizo husifu nyama ya huku, na hapo huyu mtoto mkubwa hapitwi. Atawakumbusha kwamba mbung'o waliokuwa wakiwaletea ng'ombe wa Unguja ugonjwa wa nagana, Pemba hatukuwa nao. Kule ilibidi madume ya mbung'o wazalishwe Tanga, wafanywe tasa kwa mionzi, wamwagwe kwa ndege juu ya kisiwa, mpaka 1997 Unguja ikatangazwa imesafika. Darasa zima hutolewa kisu kikiwa hewani na watu kumi wanangoja. Binti ndiye anayelimaliza: "Kaka, kata."

Suala la saa nalo lina watu wake. Ng'ombe anachinjwa alfajiri, daktari wa mifugo anakagua na kupiga muhuri, na saa 12 na nusu asubuhi nyama iko kwenye kulabu, bado ya moto. Sisi tunapenda nyama ya moto, tunaiona ndiyo mbichi ya kweli. Kwa mchuzi wa mchana haidhuru, utaichemsha mpaka ilainike. Kwa mishkaki ni balaa. Baada ya saa chache mnofu hukaza, na ukiuchoma wakati huo mteja anatafuna raba. Kwa hiyo Ami huliweka paja moja kwenye friji mpaka siku ya pili, na hulinadi waziwazi kwa jina la "nyama ya jana". Wasiojua hulikimbia. Wachomaji wa jioni huligombania. Mimi hulitilia thomu, tangawizi na papai bichi kidogo, na papai silizidishi muda kwa sababu nyama iliyolala tayari imeshalegea, ikikaa na papai usiku kucha inakuwa uji. Ukimwomba sarara kwa ajili ya mishkaki atakuuzia, lakini atakwambia ni kupoteza pesa. Anapendekeza paja, na kipande cha nundu baina ya mnofu na mnofu ili mafuta yadondokee makaa. Nimefuata, na sirudi nyuma.

Boko boko, ile ngano inayopikwa na nyama mpaka ikashikana, kila nyumba ina yake, sitaki maneno na watu. Niseme tu kwamba hapa hupewi steki ya boko boko hata ukilia. Unapewa muundi, wenye mishipa, ambao ukiiva na ngano unachambuka nyuzi nyuzi na kushikana na mwiko. Hapo ndipo ile samli ya rafuni inapopata kazi.

Nyama ya kusaga ni himaya ya binti. Unachagua kipande, anakusagia mbele yako, mara mbili kama ni ya kababu, mara moja kama ni ya sambusa. Nyama uliyokuja nayo kutoka kwengine imeshaoshwa haipokei kabisa, anasema maji yake yatakupasulia kababu kwenye mafuta halafu utasema mashine yake mbovu. Kitu kimoja nilichokipenda: ile konzi ya kwanza inayotoka ni mabaki ya nyama ya aliyetangulia, na yeye huiweka kando bila ya kuambiwa, ndipo akaanza kukuwekea yako. Sijaona bucha jingine Chake linalofanya hivyo. Kasoro ni umeme. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na tukikumbuka majenereta ya zamani tunashukuru, lakini ukikatika mashine inalala na yeye hana ya mkono. Wakati wa Ramadhani, siku ambayo kila nyumba inataka sambusa, nimesimama pale mpaka karibu na alasiri na bakuli tupu.

Kasoro nyingine zipo. Mdogo wao huyu wa mifupa hukata simu ikiwa begani, na shoka lake huacha vibanzi. Ukinunua mbavu, nyumbani zipitishe kidole kipande kwa kipande kabla hujaziosha, hasa kama kuna watoto. Nimemwambia, baba yake kamwambia, mpaka sasa simu iko begani. Msimu wa maembe nzi wanakuwepo, wavu wa dirishani umechanika pembe moja na haujashonwa. Mizani wanazo mbili: ile ya mawe, ambayo wazee hawataki nyingine, na ya betri aliyoinunua binti. Nimezishindanisha kwa kipande kimoja na zimekubaliana, kwa hiyo wanaonong'ona kuhusu mizani ya mawe wanyamaze. Ijumaa wanafunga saa 5 asubuhi na hawarudi. Mifuko ya plastiki usiiulize. Sisi Zanzibar tuliipiga marufuku kabla ya Bara, ambao waliifuata Juni 2019, na huyu mzee ni mkali wa jambo hilo kuliko Baraza la Mji. Njoo na kikapu au ndoo, la sivyo utauziwa kikapu cha ukili kilichotundikwa mlangoni kwa bei ambayo mimi siipendi.

Wakati wa kwenda nao una maana. Kusi ikivuma kwa nguvu, madau yakakaa pwani na samaki akapanda bei, foleni inafika barabarani. Msimu wa karafuu ni mbaya zaidi, au mzuri zaidi, inategemea uko upande gani wa gogo. Wachumaji wakishalipwa, hata aliyekuwa akipitisha mwezi kwa dagaa anataka maini, na saa 2 asubuhi maini yameisha. Siku ya kuvunja jungu na siku za Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, wanachinja zaidi ya mmoja na bado haitoshi. Siku hizo mimi hutuma kijana akakae na ndoo yangu kwenye foleni tangu baada ya sala ya alfajiri, na ndoo zinaheshimiwa, hakuna anayeiruka.

Mbuzi wapo kwa kuagiza. Kichwa, ulimi na makongoro uagize siku moja kabla. Matumbo huja yameoshwa vizuri, nayasifu bila ya kusita, maana kazi hiyo wengi huifanya nusu wakakuachia wewe nusu nyingine. Kwa shughuli toa taarifa siku mbili kabla, na utaje chakula, idadi ya masinia na saa ya kuwasha moto. Atakuuliza pia unapikia kuni au gesi, na jibu lako hubadilisha kipande anachokupa. Nusu ya pesa unatanguliza, nusu unaandikwa kwenye daftari mpaka shughuli imalizike. Binti hasahau, na hukukumbusha mbele ya watu, kwa sauti ya heshima kabisa: "Mama, lile la arusi ya Wawi bado liko hapa."

Kuhusu mkia wa ng'ombe, usijisumbue kuuliza. Una wenyewe, na mimi nimo kwenye orodha nikingojea mmoja wao ahamie Unguja.