Aspirini au rivaroxaban baada ya kiharusi kisichojulikana chanzo

Takriban robo ya viharusi vya mshipa kuziba hubaki bila chanzo hata baada ya vipimo vya kawaida. Mgonjwa anaruhusiwa akiwa na swali moja: nimeze nini kisirudi?

Aspirini huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Ni ya bei nafuu na ipo hadi duka la dawa la mtaani. Rivaroxaban huzuia damu kuganda kwa njia nyingine, na huwafaa sana wenye moyo unaopiga bila mpangilio, ambao donge huweza kujijenga ndani ya moyo. Wataalamu wengi walidhani viharusi hivi vinatoka hukohuko, hivyo dawa kali ingeshinda. Kwenye karatasi ilipendeza.

Utafiti wa NAVIGATE ESUS wa 2018 ulihusisha wagonjwa 7,213. Kwa mwaka, kiharusi au donge kuziba kwingine mwilini kuliwapata asilimia 5.1 ya waliopewa rivaroxaban na 4.8 ya waliopewa aspirini. Kuvuja damu kwingi: 1.8 dhidi ya 0.7. Ukasitishwa mapema. Dabigatran (2019) na apixaban (2024), dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, nazo hazikuishinda aspirini.

Kwangu aspirini inatangulia, mpaka kipimo cha moyo cha siku nyingi kigundue mapigo yaliyovurugika. Hapo mizani hugeuka. ECG moja, kipimo kifupi cha umeme wa moyo, haitoshi, maana hitilafu hiyo huja na kupotea kama umeme wa mgao. Na hakuna kati ya dawa hizi inayoshusha presha: ile ina vidonge vyake, ambavyo watu huviacha wakijisikia nafuu.